Neno moja kwenye rasimu

Ukisema makampuni ya dawa "yameishawishi" serikali, wengi huwaza bahasha chini ya meza. Mimi kazi yangu ni kuchambua sera za afya, na bahasha sijawahi kuiona. Ninachokiona ni rasimu. Toleo la kwanza linasema mtengenezaji "atatangaza" bei anayomuuzia kila mnunuzi. Linapelekwa kwa wadau, linarudi na maoni kurasa 40, na toleo la tatu linasema "anaweza kutangaza, pale inapowezekana". Hakuna aliyepaza sauti. Muswada unapita, watu wanapigiana makofi, na kifungu kimebaki ganda tupu.

Mwamba ngoma huivutia kwake, na simlaumu. Madaktari, wenye hospitali binafsi, mashirika ya bima, watengenezaji dawa, wote wana lao, na mara nyingi wanajua mambo ambayo ofisa wa wizara hayajui. Shida iko kwenye hesabu. Kifungu kinachomletea mtu mmoja mabilioni kitamfanya alipe wanasheria wakeshe nacho. Sisi tunaopunjwa kidogo kidogo kwenye kila kidonge hatuna hata habari kwamba kuna kikao.

Tazama Marekani mwaka 2003. Sheria iliyowawezesha wazee kulipiwa dawa kupitia Medicare, bima yao ya serikali, ilibeba pia kifungu kinachoikataza serikali kujadiliana bei na makampuni ya dawa. Yaani mnunuzi mkubwa kiasi hicho akajifunga mdomo mwenyewe! Billy Tauzin, mbunge aliyekuwa mwenyekiti wa moja ya kamati zilizoushughulikia muswada huo, alipofika 2005 alikuwa mkuu wa PhRMA, chama cha watengenezaji dawa. Yote mchana kweupe, na hilo ndilo linalonikereketa. Katazo lilikuja kulegezwa mwaka 2022, tena kwa baadhi tu ya dawa. Bei za kwanza zilizojadiliwa zilihusu dawa 10 na kupangiwa kuanza 2026.

Wakati mwingine silaha ni hofu. Rais Truman alipotaka bima ya afya kwa wote, chama cha madaktari wa nchi hiyo, AMA, kilikodi wataalamu wa propaganda mwaka 1949 na kuubandika mpango huo jina la "udaktari wa kijamaa". Mpango ukafa.

Lakini ngoma huvutwa pande zote. Afrika Kusini, makampuni 39 ya dawa yaliishtaki serikali kwa sheria ya 1997 iliyofungua njia ya dawa nafuu. TAC, kundi la wanaharakati wa UKIMWI, likaingia kwenye kesi kama rafiki wa mahakama huku wafuasi wake wakiandamana nje. Aprili 2001 makampuni yakaiondoa kesi yenyewe. Huo nao ni ushawishi, na bila huo wagonjwa wangebaki takwimu.

Kwa hiyo chama cha wagonjwa kikinitumia maoni nayasoma kwa heshima, ila naanza na ukurasa wa wafadhili. Kama anayelipia ofisi ndiye anayeuza dawa inayoombewa nafasi kwenye orodha ya taifa, naandika hivyo pembeni kwa penseli na kuendelea kusoma. Na rasimu ikija siku hizi, dibaji naiacha. Naweka toleo la kwanza na la mwisho ubavu kwa ubavu, kisha natafuta vitenzi.