Bei ya ndege ya kivita haipatikani kwa kugawanya

Mkataba wa ndege za kivita ukitangazwa popote duniani, hesabu ya vijiweni huwa ni ileile: chukua jumla, gawanya kwa idadi ya ndege, toa hukumu. Juzi pale Magomeni, kwenye benchi la kahawa, jamaa mmoja aliuchukua mkataba wa Uswisi wa kununua ndege 36 za kivita za F-35 kutoka Marekani, akafungua kikokotoo cha simu, akaandika milioni 6,035 gawanya kwa 36, akazungusha kioo tuone wote: 167 na ushee. "Faranga milioni mia moja sitini na saba kwa ndege moja. Waswisi wamepigwa," akasema. "Wenzao Ufini wameichukua F-35 hiyohiyo kwa euro milioni 73." Mzee aliyekaa pembeni akaguna: "Kuna mtu kala hapo." Mjadala ukahamia kwenye usajili wa Yanga.

Namba zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo kero yangu ilipo. Mtu akitaja namba ya uongo unamsahihisha, yanaisha. Huyu amechukua namba mbili za kweli zinazojibu maswali mawili tofauti, akazishindanisha. Na si yeye peke yake. Nimeisikia hesabu hiyohiyo redioni asubuhi, kwa sauti ya mtu aliyeitwa mchambuzi.

Kwa hiyo tuanze na maana, kwa haraka. Bei ya ndege tupu ni gharama ya ndege inavyotoka kiwandani: bodi, injini, rada na mitambo yake ya ndani, tayari kuruka. Bei ya kifurushi ni hizo ndege pamoja na makombora, vipuri, vifaa vya mafundi, simuleta (mashine ya kumfundishia rubani akiwa chini), mafunzo na msaada wa miaka ya mwanzo. Gharama ya mradi huongeza fedha za utafiti, usanifu na majaribio, na kwa kawaida humhusu zaidi mwenye kuibuni ndege kuliko mnunuzi wa nje. Gharama ya maisha yote huongeza mafuta, matengenezo na watu, hadi siku ndege inapostaafishwa. Ni vitu vinne, na kila kimoja unaweza kukigawanya kwa idadi ya ndege ukapata jibu lenye sura ya bei.

Sasa tuwatazame Wafini, kwa sababu wao walifanya jambo ambalo serikali nyingi hukwepa. Desemba 2021 walipotangaza kwamba watanunua ndege 64 za F-35A, ambayo ni toleo mojawapo la F-35, walitoa hesabu mstari kwa mstari. Ndege zenyewe: euro bilioni 4.703. Shehena ya kwanza ya makombora ya hewani: karibu milioni 755. Vifaa vya matengenezo, vipuri, mafunzo na huduma za mwanzo: bilioni 2.920. Jumla ya mistari hiyo mitatu ni bilioni 8.378, na hapo bado ujenzi kwenye kambi na gharama nyingine za mradi, ambao kwa ujumla wake uliwekewa ukomo wa takriban bilioni 10.

Gawanya mstari wa kwanza kwa 64, unapata milioni 73 na nusu. Gawanya ile jumla ya mistari mitatu, unapata 131. Gawanya bajeti nzima, unapata 156. Mnunuzi mmoja, tangazo moja, ndege zilezile, "bei" tatu, na ya juu ni zaidi ya mara mbili ya ile ya chini. Hakuna aliyekula chochote. Ile 73 ya jamaa yetu ilitoka mstari wa kwanza.

Na ile 167 ya Waswisi? Hiyo imetoka kwenye jumla ya mkataba: ndege 36, silaha, vifaa, mafunzo, mifumo ya kupanga safari za kivita, na juu yake makadirio ya mfumuko wa bei hadi ndege ya mwisho ifike. Jirani yake wa karibu kwa Wafini ni 131, si 73, na hata hapo usikimbilie kusema Waswisi wamezidiwa. Faranga si euro. Mfumuko wa bei haukuhesabiwa kwa namna moja. Halafu kuna gharama ambazo hazijali unanunua ndege ngapi: ukinunua 36 badala ya 64, simuleta haipungui nusu, wala chumba salama cha mifumo ya siri hakijengwi nusu. Mwenye ndege chache hubebeshwa zaidi kwa kila ndege bila kulanguliwa senti.

Mfano unaoumbua hesabu ya kugawanya kuliko yote uko Bulgaria. Mwaka 2019 nchi hiyo ilikubali kununua ndege nane mpya za F-16 za Marekani kwa dola bilioni 1.256. Gawanya: dola milioni 157 kila moja. Mwaka huohuo, Oktoba, Marekani ilitangaza makubaliano yaliyoishusha F-35A hadi dola milioni 77.9 kwa zile za fungu la 14 la uzalishaji. Kwa hesabu ya kijiweni basi, F-16, iliyoruka mara ya kwanza 1974, ni ghali mara mbili ya F-35. Watu waliandika hivyo kabisa, na walioandika walijua kusoma na kuandika. Kumbe Bulgaria ilikuwa inatoka kwenye ndege za MiG-29 za Kirusi. Makombora ya Kirusi hayafungwi kwenye F-16, vifaa vya fundi wa MiG havimsaidii fundi wa F-16, rubani anaanza darasa upya. Ilinunua kila kitu kuanzia sifuri, na ikakigawa kwa ndege nane tu. Uswisi na Ufini, zenye F/A-18 za Kimarekani, zilikuwa na makombora stoo.

Mtu wa Dar hapaswi kupata shida na hili. Aliyewahi kuagiza gari Japani anajua kwamba bei ya FOB (ya gari likiwa bado Japani, kabla ya usafiri na ushuru) iliyoandikwa mtandaoni na fedha zitakazomtoka hadi gari litoke bandarini na kupata namba ni vitu viwili, na hakuna anayemcheka jirani yake kwa kulinganisha FOB ya huyu na jumla ya yule, maana kila mtu angeona upuuzi wake. Ila mfano huu una mpaka. Ushuru hauliongezei gari lako hata tairi. Kwenye ndege za kivita, kile kinachozidi juu ya ndege tupu ni mali unayoishika: kombora, injini ya akiba, rubani aliyefundishwa.

Kuna upotoshaji wa pili, na huu unawanasa hata wenye shahada. Ni kuchukua gharama ya mradi mzima, pamoja na utafiti, kisha kuiita bei.

Ndege ya kivita ya F-22 ya Marekani ndiyo somo. Mpango wa awali ulikuwa ndege 750. Zilijengwa 195, nane kati yake za majaribio, na mradi wote uligharimu takriban dola bilioni 67. Gawanya: karibu dola milioni 344. Namba hiyo bado inazunguka hadi leo: "ndege moja ya F-22 ni dola milioni 350." Lakini mwaka 2009, Bunge la Seneti lilipobishana kama ziongezwe au uzalishaji usitishwe, ndege mpya ilikuwa ikitoka kiwandani kwa kama dola milioni 150. Fedha za utafiti zilikuwa zimeshatumika. Ukiongeza ndege hazitumiki tena, ukiacha kuongeza hazirudi. Kwa hiyo anayedhani kila F-22 iliyokatwa iliokoa dola milioni 344 anahesabu akiba ya fedha zilizokwisha kuondoka mfukoni.

Geuza upande wa pili uone ajabu yake. Kila mara idadi ilipopunguzwa, "bei" kwa hesabu hii ilipanda, wakati hakuna aliyeongeza hata skrubu. Wanasiasa wanaona bei imepanda, wanapunguza idadi tena, inapanda tena. Ndege ya mabomu ya B-2 ilipita njia hiyohiyo: zilipangwa 132, zikatoka 21, na dola bilioni 44.75 za mradi zikigawanywa zinatoa ile dola bilioni 2.1 maarufu. Hakuna mtu angeweza kwenda kiwandani na bilioni 2.1 akarudi na B-2 ya 22. Ni wastani wa yaliyopita, na wastani wa yaliyopita haununui kitu kesho.

Gharama ya maisha yote nitaipitia mbiombio, kwa kuwa ubishi wake unachosha. Kanada ilisema 2010 kwamba ndege 65 za F-35 zitanunuliwa kwa dola zake bilioni 9. Desemba 2012 wakaguzi wa KPMG wakatoa bilioni 45.8, na vichwa vya habari vikasema bei imepaa mara tano. Wakaguzi walikuwa wamehesabu miaka 42, kuanzia maandalizi hadi ndege ya mwisho kustaafu, pamoja na uendeshaji. Serikali ilistahili kulaumiwa kwa kuonyesha mstari mmoja tu, lakini kipimo kilichobadilika kilikuwa urefu wa muda.

Kwa pembeni tu, kwa wale wanaoleta Dreamliner ya Air Tanzania kwenye ubishi huu: ndege za abiria zilikuwa na bei ya kwenye orodha, iliyotangazwa na kiwanda, na mashirika yenye kujua kupatana hulipa chini yake sana. Ndege za kivita hazina hata hiyo orodha. Kwa hiyo ukisikia "bei rasmi ya Rafale", ile ndege ya kivita ya Kifaransa, uliza rasmi kwa nani.

Sisemi kwamba hakuna wa kulaumiwa kamwe. Waswisi wana lalamiko lao halali, ila si lile la kugawanya. Serikali yao iliwaambia wananchi kwamba mkataba una bei iliyofungwa. Mwaka 2025 Marekani ikasema huko ni kutoelewana, na kwamba kuna nyongeza itakiwayo. Serikali ya Uswisi ikaikadiria kuwa kati ya faranga milioni 650 na bilioni 1.3. Mauzo ya aina hii hupitia serikali ya Marekani, ambayo hununua kiwandani na kumpitishia mnunuzi gharama halisi, na namba za kwenye barua ya ofa huwa ni makadirio. Hilo ndilo la kubishania Magomeni: nani aliwaambia imefungwa?

Na Afrika Kusini inaonyesha kwa nini mistari ya vipuri na huduma si mapambo. Ilinunua ndege 26 za kivita za Gripen. Mwaka 2021 zilikaa chini kwa kukosa mkataba wa matengenezo, hadi ulipopatikana mwingine mwaka uliofuata. Ndege zilikuwa zimelipiwa, zipo, na haziruki. Mwenye kusifia bei ya ndege tupu kwa sababu ni ndogo anasifia ndege za namna hiyo.

Mwisho, jirani zetu, maana mazungumzo haya hayapiti dakika kumi bila Uganda kutajwa. Mwaka 2011 serikali yao ilichukua takriban dola milioni 740 Benki Kuu kwa ajili ya ununuzi kutoka Urusi, na tangu hapo nimesikia mara nyingi kwamba ndege moja ya kivita ya Su-30 waliinunua kwa dola milioni 123. Walizipata sita, na 740 kwa sita ni 123, sawa. Lakini fedha zile zilitajwa kuwa za ndege sita pamoja na zana nyingine za kijeshi, kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo, ndugu yangu, unaweza kuuliza kama Benki Kuu ilikuwa mahali sahihi pa kuzichota, na unaweza kuuliza hizo zana nyingine zilikuwa zipi. Ukitaka kutaja namba, sema hivi: dola milioni 740 kwa Su-30 sita na vingine. Hiyo 123 iache.