Mtoto akitimiza miaka 18 akiwa bado shuleni, matunzo yanaishia wapi?

"Katimiza kumi na nane. Mimi nimemaliza kazi yangu." Ujumbe ulikuwa mfupi hivyo. Mama aliyenionyesha anauza dagaa mwalo wa Kirumba, Mwanza, na siku hiyo alikuja ofisini moja kwa moja kutoka sokoni, khanga yake bado ina magamba. Binti yake alikuwa kidato cha tano, shule ya bweni. Baba wa binti alikuwa akitoa matunzo kwa amri ya mahakama, na kusema haki alikuwa akitoa vizuri tu kwa miaka mingi. Mwezi ambao binti alitimiza miaka 18, hela ikakatika.

Sisi tunaofanya kazi za ustawi wa jamii kandokando ya Ziwa Victoria tunaliona jambo hili kila mwaka, hasa kati ya Juni na Oktoba, wakati vijana wanaingia kidato cha tano au wanakwenda vyuoni. Mara nyingi baba si mtu mbaya. Ameambiwa kijiweni kwamba sheria inasema 18, basi.

Kijiweni hawakukosea kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, na kwamba amri ya matunzo hukoma mtoto anapofikisha umri huo, au hata kabla ya hapo kama amepata kazi ya kumwingizia kipato. Lakini wengi wanaishia hapo, ilhali sheria hiyohiyo inaendelea: mahakama inaweza kuamua amri iendelee kutekelezwa baada ya miaka 18 ikiwa kijana yuko masomoni au kwenye mafunzo. Haisemi chuo kikuu peke yake. Aliye chuo cha ufundi cha VETA pale Nyakato anajifunza uchomeleaji yuko mafunzoni sawasawa na aliye chuo kikuu pale Malimbe anasomea sheria.

Na tuhesabu kidogo. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 au 7, akasoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari na 2 ya kidato cha tano na sita bila kurudia hata darasa moja, anamaliza akiwa na miaka 19 au 20. Maana yake karibu kila mtoto wetu anayefika kidato cha sita anavuka 18 akiwa bado amevaa sare. Kumwachia mkono siku ya kuzaliwa kwake ni kumwachia katikati ya maji.

Nasikia pia hoja kwamba elimu siku hizi ni bure. Ni kweli ada iliondolewa kuanzia mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 msamaha ukafika kidato cha tano na sita. Lakini godoro, nauli ya meli kutoka Nansio, sabuni, madaftari na matibabu havimo humo. Chuoni ada yenyewe inarudi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo unasaidia sana, na fedha ya kujikimu ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, ila si kila anayeomba anapata, na anayepata anaweza kupewa asilimia fulani tu ya ada. Hata huo mkopo, mwombaji anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mzazi aliyejitenga na mtoto wake kwa miaka mingi anaweza angalau kusaidia karatasi hizo zipatikane.

Sasa neno "inaweza" ndilo la kuzingatia. Mahakama hailazimiki kuendeleza amri, inashawishiwa kwa ushahidi. Kwa hiyo, mama, usingoje hela ikatike. Miezi kadhaa kabla mtoto hajatimiza 18, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, iwe Nyamagana, Ilemela, Sengerema, Magu au Ukerewe, ukiwa na nakala ya amri ya zamani, cheti cha kuzaliwa, barua ya kujiunga na shule au chuo, na maelezo ya ada. Beba na kumbukumbu za miamala ya simu zinazoonyesha baba alikuwa akituma kiasi gani na lini. Kama hujawahi kuwa na amri yoyote, mlikuwa mnaelewana kwa mdomo, hapo ndipo pa kufanya haraka zaidi, kwa sababu sheria inazungumzia kuendeleza amri iliyopo. Ipate mtoto akiwa bado mdogo. Kijana mwenyewe naye anaweza kuomba. Si lazima asubiri mama amsemee.

Na baba asikilizwe. Mahakama inaangalia kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea kila mmoja, na gharama za maisha ya pale mtoto anapoishi. Zamani, chini ya sheria ya watoto wa nje ya ndoa iliyofutwa na hii ya 2009, kiwango cha juu kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi, awe tajiri au maskini. Leo hakuna kiwango kimoja cha wote, na mimi naona hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika sheria hii.

Yule baba wa Kirumba tulimwita, akaja. Alianza ubaharia kwenye mitumbwi ya watu, sasa ana wake mmoja, injini imeharibika, na ana watoto wadogo wawili Ukerewe. Hakukataa kusomesha. Shida yake ilikuwa amri iliyomtaka alipe tarehe mosi ya kila mwezi, wakati mvuvi wa dagaa anapata hela kwenye giza, yaani usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka anakaa nchi kavu akishona nyavu, mfukoni hana kitu. Alikuwa anakopa ili awahi tarehe. Shida ya pili alinong'ona, akimtazama mama kwa pembe ya jicho: hakuwa na uhakika hela inamfikia binti.

Tuliandika makubaliano mapya mezani pale. Atalipa kila giza linapoisha, kiasi kidogo kuliko cha mwanzo lakini kisichokosa. Binti akifika chuoni, sehemu ya ada ambayo mkopo hautaifikia ataichangia baba kwa kulipa yeye mwenyewe kwa namba ya malipo ya chuo, na risiti abaki nayo. Hela ya matumizi ataituma kwenye simu ya binti. Mama atabeba nauli na vifaa. Wote watatu walitia sahihi, tukayapeleka mahakamani ili yawe amri, kwa sababu makubaliano yanayobaki kwenye droo yangu hayamfungi mtu. Kabla hawajaondoka baba alimuuliza binti anataka kusomea nini. Alikuwa hajawahi kumuuliza.