Asumini inayojua saa

Wiki iliyopita nililetewa mswada wa hadithi fupi niuhariri. Ukurasa wa kwanza tu, msichana wa Tabata, hapa Dar es Salaam, amekaa bustanini "majira ya machipuko" na theluji imeyeyuka moyoni mwake. Nikaweka kalamu chini. Tabata! Hapa tuna masika, kipupwe, vuli na kiangazi.

Dar es Salaam iko takribani digrii 7 tu kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana haubadiliki sana, na baridi ya Julai ni ya kujifunika kanga. Ulaya mmea husubiri joto na mwanga virudi. Wa kwetu husubiri maji. Kwa hiyo machipuko yangu mimi ni vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, mvua zinapokuja kwa kuchungulia, nusu saa kisha jua. Barabarani mikrismasi, mti wenye asili ya Madagaska, inawaka nyekundu. Uani kwangu, mahali pasipozidi upana wa mikeka miwili, waridi nililopogoa mwishoni mwa Agosti linatoa matumba, maana waridi huchanua kwenye chipukizi jipya, wiki 6 hadi 8 baada ya mkasi. (Najua mnasubiri nifananishe kupogoa na kuhariri. Sifananishi. Mfano huo umepogolewa na waandishi wengi mpaka umebaki kijiti.)

Lakini aliyenifundisha kazi ni mwasumini.

Huo haufungui maua yake mchana. Matumba hukaa yamebana, meupe, hadi jua linapozama, saa kumi na mbili na robo hivi, ndipo yanaanza kulegea. Usiku ukishaingia ua liko wazi na harufu imevuka ukuta wa jirani, ikiwaita nondo gizani. Bibi wa ng'ambo ya ukuta, mzaliwa wa Unguja, huja kuomba asumini za kikuba, kile kishada cha kunukia, azifunge pamoja na rehani. Mara ya kwanza nilimchumia asubuhi, zilizochanua vizuri, nikidhani namkirimu. Akaitazama sahani.

"Mwanangu, asumini huchumwa ingali tumba. Hii umenichumia jana."

Maneno hayo yalinifungulia hadithi iliyonikwama miezi miwili. Nilikuwa na binti anayerudi nyumbani amechelewa, na mama anayejua. Rasimu ya kwanza mama aliangalia saa ya ukutani. Ya pili aliambiwa na jirani. Zote mbovu, saa haimjui binti, na jirani akisema, mama hana tena la kugundua. Baada ya sahani ile niliandika hivi: binti anatoka alasiri na koja la matumba nyweleni. Anarudi, anasema alikuwa kwa shangazi, hakukawia. Mama anamsogelea kumvua mtandio, anaona maua yote yamefunguka, mengine yameshaanza kunyauka. Analichomoa moja, analiweka mezani, anamwambia chakula kipo jikoni.

Sikuibuni hila hiyo. Ilikuwa uani muda wote, nami nikipita na ndoo. Tangu siku hiyo nina daftari linaloning'inia kwenye msumari karibu na bomba. Naandika tarehe, saa, kilichofunguka na kilichoanguka. Wanaonitumia miswada nawaomba hivyohivyo, na jina la ua liwemo, kwa sababu "ua zuri lenye harufu nzuri" halijawahi kuota popote. Langilangi ni mti mrefu, harufu yake inakushukia kutoka juu. Kilua unakutana nacho mkononi mwa mtu. Mhusika wako atasimama tofauti mbele ya kila kimoja.

Mwandishi wa yule msichana wa Tabata nimemrudishia mswada wake na swali moja pembeni: siku hiyo mvua ilinyesha saa ngapi?

Kwangu imenyesha adhuhuri. Nimehesabu matumba 11, na Bibi ameshamtuma mjukuu na sahani.