Vipimajoto vya Viwandani: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba kipimajoto kinachoonyesha desimali, kwa mfano 180.3, husoma kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya nyuzi. Ukweli ni kwamba tarakimu hizo huonyesha uwezo wa skrini tu. Themokapo, yaani kihisi cha joto kilichoundwa kwa nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, ya aina ya K, inayotumika kwa wingi viwandani, ikiwa ya daraja la 2 la usahihi inaruhusiwa kukosea kwa nyuzi 2.5 za Selsiasi hata ikiwa mpya, na kwa zaidi ya hapo kwenye joto kali.

Wapo pia wanaoamini kwamba themokapo inaweza kurefushwa kwa waya wowote wa shaba. Kosa hili ni la hatari hasa kwa sababu halijitokezi: skrini huendelea kuonyesha namba inayoaminika. Themokapo huzalisha volteji ndogo mno, takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi kwa aina ya K, itokanayo na tofauti ya joto kati ya ncha iliyo ndani ya tanuri na mwisho uliofungwa kwenye kifaa cha kusomea, nacho kifaa hupima joto la pale kilipo na kulijumlisha. Iwapo shaba itaanzia kwenye kisanduku cha maungio chenye nyuzi 60, ilhali chumba cha kusomea kina nyuzi 25, zile nyuzi 35 za kati hazitahesabiwa. Tanuri litaonekana limepoa, na mfumo wa kujiendesha utaongeza moto usiohitajika. Waya wa kurefushia lazima uwe wa aina ileile ya themokapo.

Kihisi cha platini cha Pt100, ambacho hupima joto kwa mabadiliko ya ukinzani wake wa umeme, hakina tatizo hilo, ila ukinzani wa nyaya zake huongezeka juu ya ule unaopimwa. Omu 1 ya ziada huzidisha usomaji kwa zaidi ya nyuzi 2, na ndiyo maana huunganishwa kwa nyaya tatu au nne.

Kuhusu vipimajoto vya infraredi, vinavyopima joto bila kugusa kitu, wengi hudhani kwamba kidoa cha leza ndicho kinachopima. Leza huelekeza tu. Kifaa chenye uwiano wa 12:1 kati ya umbali na kipenyo cha eneo linalopimwa, kikiwa umbali wa mita 1.2 hupokea mnururisho wa duara lenye kipenyo cha sentimita 10, kwa hiyo bomba jembamba husomwa pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Metali iliyong'arishwa nayo hutoa mnururisho kidogo sana, hata bomba linaloweza kuunguza mkono likasomwa kuwa vuguvugu, na fundi akalishika. Kupaka sehemu ndogo rangi isiyong'aa inayostahimili joto husaidia sana.

Hatimaye, kihisi kilichohakikiwa kikiwa kipya hakibaki hivyo daima. Themokapo ya aina ya K iliyokaa muda mrefu kwenye takriban nyuzi 800 hadi 1,000, penye oksijeni haba, huanza kusoma chini polepole bila kengele yoyote kulia. Kwa kuwa kosa hilo hutegemea sehemu ya waya iliyochakaa, ni afadhali ihakikiwe palepale ilipofungwa, kwa kuingiza kipimajoto cha rejea kando yake kwa kina kilekile.