Mchezaji akifariki, usajili uulizwe lini? Dhana potofu na ukweli

Diogo Jota, mshambuliaji wa Liverpool na timu ya taifa ya Ureno, alifariki usiku wa kuamkia Julai 3, 2025, kwa ajali ya gari kwenye barabara ya A-52, mkoani Zamora, Hispania. Alikuwa na mdogo wake, André Silva, mchezaji wa Penafiel ya Ureno, naye akafariki hapo hapo. Ndoa ya Jota ilikuwa na siku 11. Liverpool walikuwa mabingwa wa England, dirisha la usajili lilikuwa wazi, na mechi ya kwanza ya kirafiki ilikuwa Julai 13. Msiba ukaangukia katikati ya ratiba, na mashabiki wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe: wengine wanatuma rambirambi, wengine wanauliza nani atacheza mbele, na kila upande unauona mwingine hauna akili. Ugomvi huo ulijengwa zaidi na mambo yasiyo ya kweli.

Dhana: Kuulizia nafasi ya marehemu ni kukosa utu.

Kuuliza si kosa. Kosa huwa ni saa, mahali na maneno. Klabu yenyewe haina anasa ya kutofikiria kikosi. Dirisha la England mwaka ule lilifungwa Septemba 1, na Liverpool walimtangaza Hugo Ekitike Julai 23, siku 20 tu baada ya msiba. Kumleta mshambuliaji hakukuwa kumfukia Jota mara ya pili. Kazi ya usajili haisimami, na Darwin Núñez, mshambuliaji mwingine wa Liverpool, naye aliondoka kwenda Al-Hilal mwezi Agosti.

Warundi wanalijua hili. Kiungo wao Papy Faty alianguka uwanjani Eswatini na kufariki Aprili 25, 2019, wakati Burundi inajiandaa kwa AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) yake ya kwanza iliyoanza Juni. Kocha alitakiwa kupeleka majina 23, msiba au hakuna msiba.

Kwa hiyo shabiki afanyeje? Mpaka mazishi yapite, zungumza habari za mtu, si za nafasi. Jota alizikwa Gondomar Julai 5, kwa hiyo ilikuwa subira ya siku mbili tu, na hakuna klabu iliyokosa mchezaji kwa sababu shabiki alinyamaza siku mbili. Baada ya hapo, uliza kuhusu safu ya ushambuliaji, usiulize "mbadala wa Jota". Swali la kwanza lina jibu la kiufundi. La pili linamtwisha mgeni jeneza begani kabla hajagusa mpira. Na usiulize chini ya picha au ujumbe wa familia, hata mwezi ukipita.

Jambo moja la kanuni ambalo wengi hulikosea: orodha ya wachezaji 25 ya Ligi Kuu England hupelekwa baada ya dirisha kufungwa. Julai hakuna "nafasi iliyobaki wazi", kwa sababu orodha yenyewe haijaandikwa. Msiba ukitokea Oktoba mambo ni mengine kabisa. Hapo klabu hubaki na vijana wa chini ya miaka 21, ambao hawahitaji kuwemo kwenye orodha, au itafute mchezaji huru kwa ruhusa ya ligi. Wengine wote wasubiri Januari.

Dhana: Mchezaji akifa, deni la uhamisho hufa naye.

Hili ndilo linalosemwa kwa uhakika mkubwa kuliko yote, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Kesi ya Emiliano Sala ililimaliza. Cardiff City walimsaini kutoka Nantes Januari 19, 2019 kwa euro milioni 17. Siku mbili baadaye ndege ndogo iliyombeba ilianguka baharini kati ya Ufaransa na Uingereza. Cardiff wakagoma kulipa, wakidai uhamisho haukuwa umekamilika. Septemba 2019 FIFA iliwaamuru walipe awamu ya kwanza, euro milioni 6. Wakakata rufaa, na Agosti 2022 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaitupa. Mkataba ulikuwa umesainiwa na hati ya uhamisho wa kimataifa imeshatolewa. Kisheria Sala alikuwa mchezaji wa Cardiff, ingawa hakuwahi kuvaa jezi yao uwanjani.

Msimu huo Cardiff walishuka daraja wakiwa na pointi 34, mbili nyuma ya Brighton waliobaki. Shabiki aliyewaza yote mawili kwa pamoja, kijana aliyefariki na ligi inayoponyoka, hakuwa na roho mbaya. Yote mawili yalikuwa yakimtokea.

Kwenye vitabu vya hesabu hali ni hivi. Ada ya usajili hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Chukulia mchezaji wa paundi milioni 40 kwa miaka 5: kila mwaka milioni 8 zinahesabiwa kuwa zimetumika. Akifariki baada ya miaka 3, milioni 16 zilizobaki hufutwa zote kwa mkupuo mwaka huo huo, na huandikwa kuwa hasara. Kinachoweza kupunguza pigo ni bima, nayo hulipa kiasi kilichoandikwa kwenye hati yake, si bei ambayo mashabiki wanaamini mchezaji alikuwa nayo sokoni. Bima isiyokatwa mapema haina cha kulipa.

Mshahara nao haurithiwi hivi hivi. Mkataba wa kazi huisha kwa kifo. Familia itapata nini hutegemea vipengele vya mkataba, bima ya maisha, na uamuzi wa klabu. Anayeandika "mshahara wake sasa tumpe fulani" siku ya pili ya msiba anapiga hesabu ya kitu asichokiona, tena mbele ya mjane.

Dhana: Heshima ya kweli ni kusimamisha mechi zote.

Hakuna kanuni moja ya dunia. Davide Astori, nahodha wa Fiorentina, alipokutwa amefariki hotelini Udine Machi 4, 2018, mechi zote za Serie A za siku hiyo ziliahirishwa, na Fiorentina ikarudi uwanjani Machi 11. Lakini Antonio Puerta wa Sevilla alifariki Agosti 28, 2007, na siku tatu baadaye Sevilla walicheza UEFA Super Cup dhidi ya Milan, wakafungwa 3-1. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alifariki Juni 26, 2003 kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara, na Cameroon wakacheza fainali Juni 29. Wakati mwingine hakuna hata mechi ya kuahirisha: Patrick Mafisango wa Simba alifariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam Mei 17, 2012, siku 11 baada ya Simba kuifunga Yanga 5-0, na ligi ilikuwa imeshafungwa.

Anayeamua ni mwenye mashindano, akiangalia ratiba, televisheni na hali ya wachezaji. Kuna wachezaji wanaotaka kucheza, kuna wasioweza hata kufunga kamba za viatu. Arne Slot, kocha wa Liverpool wakati huo, aliwaambia wachezaji wake kwa maneno ya wazi: anayetaka kucheka acheke, anayetaka kulia alie, asiyejisikia kufanya mazoezi asifanye.

Dhana: Dakika ya kimya ikivurugika, wapinzani hawana adabu.

Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi ni maandalizi mabovu. Agosti 10, 2025, kwenye Ngao ya Jamii pale Wembley, kimya cha kumkumbuka Jota na mdogo wake kilivurugwa na kelele kutoka upande wa Crystal Palace, mwamuzi akakikatiza. Slot mwenyewe alisema huenda waliopiga kelele hawakujua kinachoendelea. Uwanja mkubwa una watu ambao bado wako kwenye korido wakati filimbi inapulizwa, nao huingia wakiimba.

Mwenye kibanda umiza anaweza kujifunza hapo. Tangaza dakika tano kabla, punguza sauti ya spika, taja jina na muda, kisha mtu mmoja atoe ishara ya kuanza na kumaliza. Kwa wimbo wa dakika ya 20 (namba ya jezi yake), ambao mashabiki wa Liverpool humwimbia Jota, fuateni saa ya kwenye skrini inaposoma 20:00. Kimpira hapo dakika ya 21 ndiyo imeanza, ndiyo maana utasikia nusu ya ukumbi imewahi na nusu imechelewa.

Dhana: Asiyeonekana mazikoni hana uchungu.

Cristiano Ronaldo alitukanwa kwa kutokwenda Gondomar. Miezi kadhaa baadaye alieleza kwamba tangu baba yake afariki hajakanyaga tena makaburini, na kwamba angekwenda, kamera zingeacha msiba na kumfuata yeye. Kwetu sisi tuliolelewa kwamba jirani asipofika msibani anaulizwa, maelezo hayo ni magumu kumeza. Lakini kuna hoja ndani yake, na hasira ile haikumsaidia mfiwa yeyote.

Dhana: Namba ya marehemu hustaafishwa, na ikistaafishwa imekwisha.

Liverpool walitangaza Julai 11, baada ya kuzungumza na mke na familia ya Jota, kwamba namba 20 haitavaliwa tena kwenye timu zao zote, pamoja na wanawake na akademi. England hakuna kanuni inayozuia hilo. Manchester City pia hawatoi 23 tangu afariki Foé, aliyeivaa kwao.

Hispania ni habari nyingine. Kikosi cha ligi lazima kivae 1 hadi 25, kwa hiyo Sevilla hawakuweza kuizika 16 ya Puerta. Wakaamua ivaliwe na waliolelewa kwenye akademi yao tu, na mwaka 2018 ikafika kwa Jesús Navas, aliyecheza naye.

Timu za taifa zimebanwa zaidi, maana Kombe la Dunia lina namba za mfululizo. Argentina walijaribu kuiondoa 10 ya nyota wao wa zamani Maradona mwaka 2002, FIFA ikakataa. Ndiyo maana 21 ya Jota kwenye timu ya Ureno haikufungiwa kabatini. Aliichukua rafiki yake Rúben Neves, na hakuna aliyesema Ureno imemdharau. Lyon, klabu ya Ufaransa aliyowahi kuchezea Foé, nao waliiweka kando 17 yake, kisha mwaka 2008 akaja Mcameroon mwenzake, Jean II Makoun, akaivaa kwa kumkumbuka.

Kabla ya kuanzisha kampeni ya namba, basi, angalieni mambo mawili: kanuni za ligi yenu, na familia inataka nini. Kuna familia ambayo ingependa kuona namba ile ikikimbia.

Dhana: Timu itashinda kwa ajili yake. Au: kila kipigo ni msiba.

Fiorentina walishinda mechi 5 mfululizo za ligi baada ya Astori. Liverpool nao walianza ligi kwa ushindi wa mechi 5. Kisha wakapoteza 4 mfululizo za ligi, na kufikia Novemba 26 walikuwa wamefungwa mechi 9 kati ya 12 za mashindano yote. Wachezaji ni wale wale na msiba ni ule ule, lakini matokeo yamekwenda pande mbili. Huwezi kutoa kwenye jedwali kipimo cha huzuni, na Slot alikataa kuufanya msiba kisingizio.

Hapa shabiki anao uhuru kuliko anavyodhani. Kulalamika kwamba timu inafungwa kwa kona, au beki wa kulia anaachwa peke yake, si kumvunjia heshima marehemu. Hayo ni mambo ya mbinu na yana majibu ya mbinu. Ila mchezaji mmoja mmoja mpe nafasi, kwa sababu huzuni haifuati kalenda ya msiba. Novemba 18, Scotland ilipofuzu Kombe la Dunia kwa kuifunga Denmark 4-2, Andy Robertson, aliyecheza na Jota Liverpool, alisema siku nzima hakuwa sawa, akimfikiria Jota. Yeye na Jota walikuwa wakizungumza juu ya kwenda Kombe la Dunia. Ilikuwa imepita miezi minne na nusu, na usiku ule alitakiwa kucheza akiwa nahodha.