Je, wajua? Albamu ya laivu si lazima iwe ya usiku mmoja

Mafundi wengi wa spika Mwanza hujaribu kazi yao kwa bongofleva yenye besi nzito. Kijana mmoja wa Makoroboi yeye huweka Yessongs, albamu ya laivu ya Yes, bendi ya Uingereza inayopiga roki ya progresivu: ule muziki wa nyimbo ndefu zinazobadilika mapigo kila mara, vinanda vimejaa, na gitaa halitulii. Swali lake ni la haki kabisa: hawa jamaa wanapigaje dakika 18 mfululizo bila kukosea?

Wanakosea. Sema makosa mengine hayafiki kwako.

Yessongs ilitoka 1973, santuri tatu kwa mpigo, kutokana na maonyesho ya 1972. Mwaka huohuo wa 1972 mpiga dramu wao, Bill Bruford, aliihama bendi akaenda King Crimson, bendi nyingine ya Uingereza ya roki hiyohiyo, na nafasi yake ikachukuliwa na Alan White. Nyimbo nyingi humo kapiga White, lakini chache ni za Bruford. Wapiga dramu wawili, na ukisikiliza bila kusoma jalada utadhani ni jukwaa lilelile. Albamu za aina hii huunganishwa kutoka maonyesho mbalimbali, na mara nyingi kiungo hufunikwa kwa makofi. Makofi ni ya watu kweli. Swali ni kama walikuwa wanaupigia wimbo huo.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Miaka ya 1970 lori liliegeshwa nje ya ukumbi, ndani lina mashine ya utepe ya chaneli 16 au 24, na kila maiki ikapewa chaneli yake. Besi na vinanda ndivyo vyepesi kurekebisha, kwa kuwa waya unaweza kutoka kwenye chombo moja kwa moja hadi mashineni bila kunasa kelele za jirani. Noti ikiharibika, mwenyewe anaipiga upya studio na hakuna atakayejua. Mwimbaji ndiye kasheshe. Maiki yake inanasa pia dramu iliyo nyuma yake, kwa hiyo ukifuta sauti unafuta na kipande cha dramu. Akiimba upya studio, yale matoazi yanayosikika kwa mbali nyuma ya sauti yake yanapotea ghafla. Vaa spika za masikioni usikilize hapo. Spika ya simu haitakuonyesha kitu.

King Crimson ndio waliolichanganya jambo hili mpaka raha. Albamu yao ya 1974, Starless and Bible Black, inasikika kama ya studio, kumbe sehemu kubwa ilirekodiwa jukwaani kisha shangwe zikaondolewa. Kipande cha Fracture, zaidi ya dakika 11 za gitaa la kuumiza vidole, kilipigwa mbele ya watu Amsterdam, Novemba 1973. Halafu 1975, bendi ikiwa imeshavunjika, ikatoka USA, albamu ya laivu kwa jina na kwa shangwe. Ila baadhi ya fidla unazozisikia humo ziliongezwa baadaye studio na Eddie Jobson, ambaye hakuwa mwanachama wa bendi hiyo. Kwa maoni yangu, ile ya "studio" ndiyo laivu zaidi ya ile ya laivu.

Bendi hizi zilikuwa na sababu ya ziada ya kurekebisha, nayo ni Mellotron. Ni kinanda ambacho kila kitufe kinachezesha kipande cha utepe chenye sauti ya fidla, filimbi au kwaya, kwa sekunde 8 hivi, kisha lazima uachie. Mota yake ikiyumba, sauti inapanda au kushuka. Umeme usiotulia uliitesa sana, na hilo mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa mara mbili.

Wengine hawakuficha. Queen, ambao mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar 1946, walipofika kwenye sehemu ya kwaya ya Bohemian Rhapsody walitoka jukwaani, utepe wa studio ukaendelea. Kwenye Live Killers ya 1979 sehemu hiyo imeachwa hivyohivyo.

Kwetu mambo yalienda kinyume. Bendi za dansi zilizorekodi Radio Tanzania enzi zile zilipiga kwa pamoja, mwimbaji, magitaa, tarumbeta na tumba, wote chumba kimoja. Mmoja akiharibu, wote wanaanza upya. Wimbo tunaouita wa studio ulikuwa laivu tupu, umekosa mashabiki tu, na chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, likafupishwa ili utoshe redioni.

Kama unataka kufanya zoezi, tafuta Seconds Out, albamu ya laivu ya 1977 ya Genesis, bendi nyingine ya Uingereza ya roki ya progresivu. Karibu yote imetoka maonyesho ya Paris ya mwaka huo, Chester Thompson akiwa kwenye dramu na Phil Collins akiimba. Wimbo mmoja, The Cinema Show, ni wa 1976, na dramu ni za mtu mwingine. Ni yuleyule Bruford.