Yanayodhaniwa Kuhusu Kumbukumbu za Wagonjwa Kwenye Kompyuta

Katika hospitali na vituo vya afya vya Mwanza, jalada la karatasi linazidi kuipisha kompyuta, na vituo vingi vya serikali vinatumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kutunza taarifa za wagonjwa na huduma. Mabadiliko hayo yamezaa imani kwamba mfumo unamjua mgonjwa, ilhali unachokijua ni yale tu yaliyoandikwa kumhusu.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mfumo usipotoa onyo, dawa ni salama. Tuseme mvuvi wa kisiwa cha Ukara aliwahi kuvimba uso na kubanwa na pumzi baada ya kuchomwa sindano ya penisilini, na tukio hilo likabaki kwenye daftari lake la zahanati. Akifika mjini na kufunguliwa kumbukumbu mpya, sehemu ya mzio ikaachwa tupu, mfumo hauna cha kuonya. Utupu huo hauthibitishi kwamba hana mzio. Huenda hakuna aliyemuuliza. Kwa maoni yangu, mfumo unaomlazimisha tabibu kuchagua kati ya "hana mzio" na "hajaulizwa" una thamani kuliko ule uliojaa michoro ya rangi.

Wengine huamini kwamba jibu la maabara lisilo na alama nyekundu ni la kawaida. Alama hiyo hulinganisha jibu na kiwango cha watu kwa jumla, wala haiangalii mgonjwa mwenyewe alikuwaje jana. Mwanamume ambaye kreatinini yake, yaani taka ya mwili inayochujwa na figo kutoka kwenye damu, ilikuwa mikromoli 62 kwa lita siku ya Jumatatu, ikafika 100 siku ya Ijumaa, anaweza kusomeka kuwa yumo ndani ya kiwango, ingawa kupanda kwa mara 1.5 au zaidi ndani ya siku 7 kunatosha kuhesabiwa kuwa figo zimeumia ghafla. Hapo ndipo kompyuta inapoishinda karatasi, kwa kuwa hupanga majibu yote kwa mfuatano, mradi mgonjwa huyo hakusajiliwa mara mbili kwa sababu ya jina lililoandikwa kwa herufi tofauti.

Wala wingi wa maonyo si wingi wa usalama. Kumkumbusha daktari kwamba mgonjwa mwenye VVU anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu anahitaji dolutegraviri, dawa ya kufubaza VVU, ya miligramu 50 mara mbili kwa siku, badala ya mara moja, ni jambo zito. Lakini likizungukwa na maonyo mepesi kumi, yote hufungwa bila kusomwa.

Kuhusu programu zinazobashiri ugonjwa, tahadhari inahitajika zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha tathmini ya programu ya kubashiri sepsisi (hali ya hatari ambapo mwili hudhurika kwa kupambana na maambukizi) iliyokuwa ikitumika katika mamia ya hospitali, wakakuta imewakosa asilimia 67 ya wagonjwa waliokuwa nayo. Programu iliyofundishwa kwa kumbukumbu za mahali ambapo kichocho hakipo itatafsiri vipi kutapika damu kwa mvuvi wa Ziwa Victoria mwenye bandama lililovimba, dalili zinazoweza kuletwa na kichocho?

Hata tarehe na saa zinazoonekana kwenye skrini zina udhaifu wake. Umeme ukikatika usiku, vipimo vya shinikizo la damu huandikwa kwenye karatasi na kuingizwa asubuhi. Mfumo ukihifadhi saa ya kuingiza pekee, mgonjwa aliyezidiwa saa nane usiku ataonekana kuzidiwa saa mbili asubuhi, baada ya dozi ambayo kwa kweli ndiyo iliyomtuliza.